Ushuhuda Uliotangulia Uponyaji

Ndugu zangu, nisikilizeni bila haraka, maana habari hii inanihusu na mimi, na pale itakaponiumbua sitaparuka. Siku sita za juma mimi ni fundi viatu. Siku ya saba ni mzee wa kanisa, na zamu yangu ni ya mlangoni: kukaribisha watu, kuwaonyesha viti na, kama mtakavyosikia, kuwazuia wengine.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni dobi. Ungepita uani kwake asubuhi zile ungetamani kukaa. Kamba nne zimejaa mashuka ya nyumba ya wageni, maji yanachemka kwenye pipa, dobi mwenyewe amekunja suruali hadi magotini anasuuza, mkewe anakunja, na kutoka chumba cha kupigia pasi inasikika sauti ya binti yao wa pekee akiimba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika: asipoimba anasimulia, asiposimulia anacheka. Lakini mikono yake ilikuwa na utulivu ambao ulimi wake haukuujua. Shati likipita chini ya pasi yake ya mkaa, kola ilisimama wima. Kanisani alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, na wapo waliokuja ibadani kumsikiliza yeye, kisha wakasinzia mahubiri yalipoanza. Mungu atusamehe.

Tuliojua kwamba Chiriku ana kifafa tulikuwa wachache. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Zahanati ilimpa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, akavimeza, na miaka ikapita bila kuanguka mbele za watu. Kisha zahanati ikaishiwa dawa kwa majuma mawili.

Jumapili ya juma la pili, katikati ya wimbo, Chiriku alinyamaza ghafla. Nilidhani amesahau maneno. Akaanguka kama gunia, akakakamaa, akaanza kurusha mikono na miguu, na povu likamtoka mdomoni. Kwaya ilitawanyika kama kuku walioona mwewe.

“Msimguse!” mtu akapiga kelele. “Povu hilo linaambukiza!”

Watu waliruka mabenchi. Wanaume wazima, ndugu zangu, wenye ndevu. Na mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga ukuta. Mama yake alipiga magoti peke yake, akilia na kumshika kichwa kisigonge sakafu. Ndipo mtu mmoja akatoka benchi la mwisho, akavua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha yule binti.

Mtu huyo kazi yake ni kutapisha vyoo. Mashimo yakijaa, ndiye anayeitwa na ndoo zake na mkokoteni wake. Mtaa ulimbatiza jina la Manukato, na kila mtu alicheka alipolitamka isipokuwa yeye. Kabla ya ibada alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ya mikono ikapasuka, lakini bado watu waliacha nafasi kulia na kushoto kwake. Siku ile niliwasikia wawili nyuma yangu wakinong'ona, “Wamekutana.” Mmoja akacheka. Sikuwakemea.

Jumatatu wazee tulikaa kikao. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo barua niliiandika mimi: binti apumzike kwaya “mpaka Bwana atakapomgusa.” Nilijiona nimetumia maneno ya upole.

Baada ya barua, wateja wakaanza kupungua. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua magauni yake kabla hayajafuliwa. Nilikuwa ninapigilia soli kibarazani kwangu, nikasikia yote.

“Sina ubaya na wewe, Mama Chiriku,” alisema, akiwa amesimama mbali na lango. “Ni watoto tu. Unajua tena watoto.”

“Maji nachemsha, mwalimu.”

“Najua, mama. Najua.” Akaondoka na furushi lake amelishika kwa vidole viwili.

Kamba nne zikawa mbili. Kisha moja. Nyumba ya wageni peke yake ndiyo iliyobaki, kwa kuwa mwenye nyumba alikaa mbali na hakuwa amesikia. Mama Chiriku alikuwa mwanamke wa kujitunza, wa kwenda sokoni ameinua kichwa. Sasa alikwenda mapema kabla watu hawajajaa, na akirudi macho yake yalikuwa chini.

Ndipo ukaja mkutano wa maombi ya uponyaji. Alialikwa mhubiri mgeni, msemaji hodari, na tulitarajia watu wengi wa heshima. Katika maandalizi nilimwita Manukato pembeni.

“Ndugu yangu,” nikamwambia, “siku hizi tatu utatusaidia ukikaa nje, pale dirishani. Wageni, unaelewa.”

Alinitazama kidogo. “Sawa, mzee. Neno la Mungu dirishani linapita.”

Alikaa nje siku ya kwanza. Siku ya pili hakuja, na Jumapili zilizofuata hakuja. Nilisema moyoni kwamba labda ana kazi nyingi.

Siku ya tatu ya mkutano Mama Chiriku alimpeleka binti yake mbele. Mhubiri alimwekea mikono, akaomba mpaka jasho likamlowesha shati. Nataka mnielewe: yale maombi yalikuwa ya kweli, na machozi ya mama yule yalikuwa ya kweli. Mungu huponya. Naliamini hilo leo kama nilivyoliamini siku ile. Lakini maombi yalipokwisha, mhubiri aliuliza, “Ana dawa anazotumia?”

Mama akatoa kopo la vidonge kwenye mkoba. Zahanati ilikuwa imeshapata dawa, kopo lilikuwa limejaa.

“Mwenye imani hasimami na mguu mmoja hapa na mwingine kule,” mhubiri akasema. “Chagua, mama.”

Dobi aliinuka nusu kwenye benchi lake. “Mtumishi, samahani. Hatuwezi tukaomba na huku anameza?”

Watu waliguna. Mkewe akageuka, akamwangalia kwa jicho ambalo mume yeyote analijua, naye akaketi. Kopo likamwagwa kwenye pipa la taka, na sisi tukapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu.

Majuma matatu Chiriku hakuanguka. Jumapili ya nne mama yake akasimama kutoa ushuhuda, na kanisa zima likasimama naye. Wazee tukaandika barua nyingine ya kumrudisha kwayani. Wiki hiyohiyo mwalimu akaleta magauni, tena na mapazia juu. Kamba zikajaa zote nne. Binti akaimba kama zamani.

Jumanne moja asubuhi, akianika shuka, Chiriku akaanguka.

Yaliyosemwa pale niliyapata baadaye kutoka kwa dobi mwenyewe, siku alipokuja kwangu na kukaa kwenye kigoda cha wateja bila kiatu cha kushona. Binti alipozinduka, matope yakiwa shavuni, aliuliza, “Mama, nimeanguka?”

“Hukuanguka,” mama yake akamjibu haraka, akichungulia langoni kama kuna aliyeona. “Umeteleza. Sabuni imemwagika hapa.”

“Mama, nimejiuma ulimi.”

“Umeteleza, nimesema.”

Dobi akasema, “Mke wangu, kesho nampeleka zahanati.”

“Umpeleke upitie wapi usionekane? Baba Chiriku, nimesimama mbele ya watu wote nikasema Mungu amemponya. Unataka Mungu aaibike?”

“Mungu haaibiki kwa kidonge.”

“Basi nitaaibika mimi. Na hizo kamba zitakuwa tupu tena. Ndicho unachotaka?”

Dobi akanyamaza. Aliponisimulia aligonga goti lake kwa ngumi, taratibu, mara nyingi. “Mzee Fundi, nilinyamaza. Mimi ni mwanamume mwenye mikono hii, na nikanyamaza.”

Tangu siku ile binti “aliteleza” mara kwa mara. Mara mbili kwa juma, kisha mara tatu. Mama alimwondoa kwayani, akatuambia kwamba sauti imempwea kwa mafua na anaipumzisha. Alimhamishia kazi zake zote ndani ya chumba cha kupigia pasi, mbali na macho ya wapita njia. Na kila alipotoka nyumbani alifunga mlango ule kwa kufuli, kwa nje, ili mgeni asije akaingia akamkuta chini. Mama huyu alifunga kula, na usiku aliomba akipiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe. Alimpenda. Msije mkatoka hapa mkisema hakumpenda. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi ndio tuliomfundisha kuficha. Tulikuwa tumemwonyesha vizuri sana yanayompata asiyeficha.

Jumapili ya shukrani ilipokaribia, nilimwendea mimi mwenyewe. “Mama, kanisa linahitaji kutiwa moyo. Urudie ule ushuhuda wako.”

Rangi ya uso wake ilibadilika. Nilidhani ni unyenyekevu. “Mzee, si nilishautoa?”

“Jambo jema halichoshi masikio.”

Akakubali. Angekataaje?

Asubuhi ya Jumapili hiyo dobi alikuwa amepeleka mashuka nyumba ya wageni. Mama alivaa gauni lake la heshima. Binti alibaki chumbani akimalizia majoho ya kwaya, maana kwaya ingeyahitaji ibada ya mchana. Kufuli likafungwa. Na kule kanisani, mbele ya watu waliojaa mpaka kwenye ngazi, Mama Chiriku akashika kipaza sauti.

Sasa, mwenye nyumba ya ua wa pili alikuwa amemwita Manukato atapishe choo chake siku hiyohiyo, wapangaji wakiwa ibadani, ili harufu isimsumbue mtu. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtu tuliyemtoa kanisani alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mlango ule. Alisikia kishindo. Akasikia kitu kikigonga ukuta, kikigonga tena. Kisha akaona moshi ukitoka chini ya mlango, na haukuwa moshi wa pasi.

Hakuwa wa kwanza kufika. Majirani wanne au watano walikuwa wameshasimama uani, mikono vichwani.

“Ni yule wa kifafa,” mmoja akasema. “Tuwaite wazazi wake.”

“Wazazi wako wapi, na moto uko hapa!” Manukato alisema, akauvunja mlango kwa sururu yake.

Chiriku alikuwa chini, bado anatikisika, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya makaa yaliyomwagika kutoka kwenye pasi. Majoho yalikuwa yameanza kuwaka na ukosi wa blauzi yake umeshika moto. Manukato alimvuta kwa mabega, akauzima ukosi kwa viganja vyake, akamlaza kwa ubavu uani, akamwaga ndoo mbili za maji ya kusuuzia juu ya moto. Ndani ya ndoo ya tatu aliutumbukiza mkono ulioungua. Aliomba mtu mmoja tu amsaidie kumwinua. Hakujitokeza mtu. Basi akauosha mkokoteni wake harakaharaka, akatandika shuka lililokuwa kambani, akamlaza, akausukuma peke yake.

Njia ya zahanati inapita mbele ya kanisa.

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona akija na mkokoteni, ametapakaa masizi na uchafu wa kazi yake, anahema. Wazo lililonijia kwanza niliwaambia nitawaeleza, na nawaeleza: niliwaza harufu. Sikuona nani amelala kwenye mkokoteni. Nilinyosha mkono.

“Ndugu yangu, subiri ibada iishe.”

“Mzee, nipishe.”

“Kuna ushuhuda unatolewa!”

Ndani, kwenye vipaza sauti, sauti ya Mama Chiriku ilikuwa inasema, “Tangu siku ile ya maombi, mwanangu hajaanguka hata mara moja.” Watu wakashangilia. Manukato akausukuma mkono wangu, akasimama katikati ya mlango, akaita kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza:

“Mama Chiriku! Njoo, mama. Mtoto ameungua.”

Makofi yalikatika. Wengine waliziba pua, niliwaona. Mama alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, kisha akakiacha kikaanguka, na mlio wake ukatupasua masikio sote. Alikimbia katikati ya mabenchi, kiatu kimoja kikamtoka. Alipolifunua shuka alitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Hakulia kwa maneno. Akashika mpini mmoja wa mkokoteni, Manukato akashika mwingine, wakaenda wakikimbia.

Mimi nilibaki mlangoni. Zamu yangu ilikuwa bado haijaisha.

Zahanati walimkuta muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye ni Mkristo wa kanisa jingine. Alimhudumia binti, akaagiza apelekwe hospitali, na wakati gari linasubiriwa akamuuliza mama, “Dawa aliacha lini?”

“Tuliombewa,” mama akajibu kwa sauti ndogo.

“Hata mimi namwombea kila mgonjwa ninayemchoma sindano. Nimeuliza dawa.”

“Miezi mitano.”

Muuguzi alifumba macho kidogo. “Mama yangu, dawa hizi haziachwi kwa siku moja. Zikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi na hasira. Nani alikwambia kwamba kidonge kinagombana na Mungu?”

Manukato alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, viganja vyake vimevimba malengelenge, hajamwambia mtu. Muuguzi ndiye aliyeviona alipotoka. Alichuchumaa, akavishika, akavisafisha kimoja kimoja. Dobi, ambaye alikuwa amefika akikimbia, anasema mtu yule alilia pale zaidi kuliko alipoungua.

Chiriku aliishi. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikatwa, na shingo ina kovu linalopanda hadi taya. Alirudi kwenye vidonge vyake, na baba yake ndiye anayemkumbusha, asubuhi na jioni, hata kama kuna mteja amesimama mbele yake. Kuanguka kumepungua, miezi inaweza kupita. Pasi haruhusiwi tena kushika. Mama yake alisimama mbele ya kanisa mara ya tatu, safari hii bila kuitwa na mtu, akasema, “Niliwadanganya. Niliwaogopa nyinyi kuliko nilivyomwogopa Mungu.” Kisha akatoka nje. Hakuna aliyepiga makofi wala kuguna.

Miezi miwili baada ya hapo nilikwenda kwa dobi na barua ya tatu, ya kumwomba Chiriku arudi kwayani. Nilimkuta amekaa kivulini, anahesabu vifungo vya mashati kwa mkono mmoja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeleta barua.”

Aliisoma hadi mwisho. Hakucheka, yule ambaye zamani angecheka hata kwenye mazishi. Akaikunja, akanirudishia.

“Mzee, nikianguka tena pale mbele, mtafanya nini?”

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema tutakuombea. Nikaona ananingoja, na nikagundua kwamba mimi, niliyekaa kanisani miaka thelathini, sijui hata kichwa chake nikishike vipi.

“Sijui,” nikamwambia.

“Nenda ukajifunze kwanza,” alisema, bila ukali. “Ukishajua, njoo tuzungumze.”

Nilikwenda kwa yule muuguzi siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata nilimleta akawafundisha watu wa kanisa. Manukato nilimfuata kwake, nikamwomba msamaha mbele ya mkewe. Aliniambia amenisamehe. Kanisani bado hajarudi. Chiriku naye hajarudi. Ninamtembelea kila Ijumaa. Siku nyingine tunazungumza, siku nyingine ananiambia amechoka, ninarudi nyumbani.

FUNZO

Ndugu zangu, ombeni uponyaji, ombeni bila kuchoka. Lakini msimnyang'anye mgonjwa dawa mkaiita imani. Mungu aliyetupa maombi ndiye aliyempa muuguzi akili na mikono. Wala msimlazimishe mtu kushuhudia kabla hajapona, kwa kuwa mtamfunga kwenye uongo ambao atashindwa kujinasua nao.

Kifafa hakiambukizi. Povu lile ni mate. Mwenzako akianguka, mwondoe kwenye moto na maji, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, kaa naye mpaka azinduke. Usipoweza kukumbuka mengine, kumbuka hilo la mwisho: kaa naye.

Na mwenye ukoma alipomjia Bwana wetu, Bwana alinyosha mkono akamgusa kwanza. Angeweza kumponya kwa neno tu, akiwa amesimama mbali. Hakusimama mbali. Sisi tulisimama mbali, tukamwachia mtu wa vyoo kazi ya kanisa zima, na binti wa watu akabaki na vidole viwili mkono wa kushoto. Yeyote unayemwachia nafasi kulia na kushoto kwenye benchi, nenda leo ukakae hapo.